Zamu ya Odette

Kila asubuhi, kabla jua halijagusa mabati ya mtaa wa Cibitoke, Bujumbura, Dévote alishuka ndani ya mfereji mkavu na arozwari yake mkononi, ile ndoo ya kumwagilia yenye mdomo wa matundu. Alikuwa na njia yake ya kushuka: mguu mmoja kwenye jiwe lenye ufa, mwingine kwenye mzizi wa mpera, kisha chini kabisa, penye mchanga uliohifadhi ubaridi wa usiku. Huko, katikati ya kuta mbili za mawe za enzi za Wabelgiji, alikuwa amepanda lengalenga, mboga ya majani jamii ya mchicha. Alimwagilia tuta, akanyoosha mgongo, akasema "haya," akahamia tuta lingine. Hakuwa akimwambia mtu. Lilikuwa karibu neno pekee lililomtoka mpaka jua lipande, maana Dévote hakuwa mtu wa maneno.

Siku hiyo ya kiangazi, mwaka wa 2004, alikuwa ameinamisha arozwari juu ya tuta la mwisho alipoona buti. Buti mpya, nyeusi, zimesimama katikati ya lengalenga bila kukanyaga hata jani moja. Aliacha kumwagilia. Matone yaliyobaki yakamdondokea vidoleni.

"Dévote!" Sauti ilitoka juu ukingoni. Ni Jovithe, mumewe, tarishi mstaafu wa wizara moja, aliyekuwa akiwatupia kuku wake pumba za mchele. "Uko na nani huko chini?"

"Na mutu."

"Mutu gani?"

"Wa buti," akasema Dévote, kwa kuwa bado hakuwa ameinua macho zaidi ya hapo.

Mwenye buti akacheka. Alikuwa kijana, kamba ya kupimia imemning'inia shingoni, na kwapani amebana vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. "Mimi naitwa Arnaud, mama. Ni injenieri wa mradi. Unisamehe, nimekushitua. Tuko tunapima mufereji toka juu mpaka Kajaga."

"Mufereji ulikufa," Dévote akasema.

"Ndiyo tunataka kuufufua."

"Angalia usitufufulie na mbu!" Jovithe akapaza sauti. "Miaka tisa marehemu amelala, sasa mradi unakuja kumuamusha. Mumemuuliza kama anataka?"

Arnaud alichagua mahali pa kusimika kigingi chake, akapapasa udongo kwa mkono mpaka akapata nafasi tupu kati ya matuta mawili, akakigongelea hapo taratibu kama anayeogopa kuwaamsha watu. Alieleza kwamba maji yangerudi kabla ya mvua, kwamba mama angeweza kuvuna lengalenga zake zote kwanza, na kwamba bustani yake ya zamani, ile iliyokuwa juu ukingoni, ingenyweshwa tena kama zamani. Kisha akafungua ramani, akaigeuza, akauliza:

"Na baada yako, kwa chini, maji yanaenda kwa nani?"

"Kwa mama Orlane," akajibu Jovithe kutoka juu.

"Kwa Odette," akasema Dévote wakati huohuo, kwa sauti ndogo, akimtaja mtu yuleyule.

"Ameshasikia habari za mradi?"

Dévote alitazama upande wa chini, palipoonekana paa lililozibwa kwa hema la plastiki. "Sijui," akasema. "Hatuongei."

*

Mfereji ule uliitwa Mfereji wa Pamba, ingawa watu wa umri wa Dévote hawakuwahi kuona pamba ikimea pale. Ulichimbwa kwa majembe na vikapu, na wanaume waliotolewa majumbani mwao bila kuulizwa. Baba yake Jovithe alikuwa mmoja wao, na mpaka anakufa hakupenda kukanyaga ukingo wake. Maji yaliachana na mto mdogo juu ya Kamenge, yakapita nyuma ya nyumba za Cibitoke, yakatambaa uwandani hadi mashamba ya Kajaga, na yaliyobaki yakaingia ziwani. Wabelgiji wakaondoka, pamba ikaondoka, maji yakabaki. Watu wakapanda mpunga, nyanya, vitunguu na lengalenga, wakajipangia wenyewe namna ya kugawana.

Mpango wao ulikuwa wa zamu. Kila shamba lilikuwa na ubao wake, uliokaa kwenye mfuo uliochongwa ndani ya mawe ya mfereji. Zamu yako ikifika, unashusha ubao, maji yanapanda na kuingia bustanini. Ukishatosheka, hunyanyui ubao hivihivi, kwani aliye chini yako asipokuwa tayari, maji yote yatampita yaende zake. Kwanza unamwita. Na kwenye mfereji hapakuwa na mama fulani wala mzee fulani. Mtu aliitwa kwa jina lake tupu, kwa sababu jina tupu huenda mbali.

"Odette! Shika!" Dévote aliita.

"Nimeshika!" Odette akajibu, na kishindo cha ubao wake kikasikika chini.

Hapo ndipo Dévote aliponyanyua wa kwake. Ndivyo ilivyokuwa tangu alipoolewa akaletwa nyumba ile. Kwa mwanamke aliyeongea kama anayeomba radhi, wito huo ulikuwa jambo kubwa. "Mke wangu ana sauti moja tu kwa siku," Jovithe alipenda kuwaambia wageni, "na anampa Odette." Maji yakishapita, Odette alipanda mpaka kwa Dévote, miguu imelowa hadi magoti, wakakaa ukingoni wakichambua mboga. Odette alisema, Dévote akacheka. Siku nyingine Odette alichelewa kujibu makusudi, kisha akauliza kwa sauti ya kupumbaza watu, "Na nikikosa kushika?" Dévote akajibu, "Utapika mchanga!" Watu wa chini wakalalamika kwamba wanawake wawili wanacheza na zamu za wenzao.

Halafu ikaja krizi, ndivyo watu walivyoiita vita. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuhesabiana makabila. Usiku mmoja wa mwaka wa 1995 bunduki zililia upande wa Kamenge mpaka karibu na alfajiri. Asubuhi yake zamu ilikuwa ya Dévote. Jovithe alimwambia abaki ndani. Lakini Dévote alifikiri kwamba akifanya kazi za kila siku, huenda siku nayo ikakubali kuwa ya kila siku. Alitoka, akashusha ubao, akanywesha vitunguu vyake, na alipomaliza akaita. Kwa sababu ya hofu aliita kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na alipoona kimya, akaita tena.

Hakujibiwa. Alisubiri, mikono juu ya ubao, maji yakipanda na kumwagika ukingoni. Mwisho aliunyanyua tu, yaende yatakakokwenda. Mchana alisikia kwamba nyumba ya Odette ilikuwa tupu, chungu kingali mafigani, na kwamba Odette, mumewe Sylvère na mtoto wao Orlane hawakuonekana tena mtaani.

Baada ya hapo mfereji haukuchukua muda mrefu kufa. Kule mtoni, pale maji yanapoingilia, palitaka watu wa kuondoa mchanga kila baada ya mvua, na hapakuwa tena na mtu aliyethubutu kupanda huko. Mvua moja ililaza mchanga, nyingine ikaukanyagia. Watu wakatupa ndani yake makopo na matairi. Mbuzi wakaufanya njia. Dévote akashusha lengalenga zake chini, palipobaki unyevu.

Odette alirudi mwanzoni mwa kiangazi hiki cha mradi, yeye na Orlane peke yao. Sylvère alikuwa amefia Kongo kwa homa. Siku Dévote alipoona moshi ukitoka tena penye ile nyumba, alikata lengalenga laini kuliko zote, akajaza kikapu, akaenda. "Amahoro, mama Orlane," alisema mlangoni. Odette aliitazama mboga muda mrefu, kisha akatazama chini. "Amahoro. Asante, tunayo," akajibu, wakati uani hapakuwa na kitu hata cha kumpa kuku. Tangu hapo, Dévote akifika bombani na bido lake la maji, Odette alitoka kwenye foleni akaja baadaye.

Dévote hakuelewa. Alijua tu kwamba angekubali mfereji ubaki mkavu maisha yake yote, mradi asikie tena ile "Nimeshika" ikitoka kwa Odette.

*

Mkutano wa mradi ulifanyika ndani ya darasa la shule ya msingi, wakati wa likizo. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Arnaud alichora mfereji ubaoni kwa chaki, akaweka alama kwa kila mwenye shamba, akaeleza kazi: kila mtu achimbe kipande chake, mradi utatoa mbao mpya na kutengeneza kule juu, ambako siku hizi mtu aliweza kwenda mchana.

"Kuna mwenye neno?"

Odette alisimama. Alikuwa amekonda, na kitenge chake alikifunga kwa nguvu kama mtu anayetaka kusafiri. "Mi nataka maji," alisema. "Lakini sitaki kupokea kwa mama Elsa."

Mama Elsa alikuwa Dévote, kwa jina la binti yake aliyeolewa Gitega. Watu wote waligeuka wakamtazama. Naye akatazama dawati lake, ambapo mtoto fulani alikuwa amechonga jina lake kwa msumari.

Aliyejibu alikuwa Mohamadi, mkulima wa mpunga aliyekuja na baiskeli kutoka upande wa Kajaga. "Mama Orlane, unisamehe," alisema. "Haya maji yatapita kwa mabata ya Kamenge. Yatapita kwa kuku za Jovithe. Watoto wataogelea ndani, na mambo mengine siyataji sababu bado hatujala. Mu hayo yote, umeona Dévote ndiye atayachafua?"

"Kuku zangu zinaoga kukushinda wewe, Mohamadi!" Jovithe akafoka, darasa likaangua kicheko. Hata Odette alilazimika kukaza midomo.

Mohamadi akangoja kicheko kipungue, kisha akasema kwa upole, "Sisi wa chini tuko nyuma yako, dada. We usiposhika, na sisi hatushiki."

Odette alibaki amesimama. Alitazama ile michoro ya chaki, mstari mmoja mrefu uliopita kwa Dévote, ukapita kwake, ukaendelea. "Nitapokea," akasema mwishowe. "Ila nisiitwe. Mutu asitaje jina langu mule mu mufereji."

Arnaud hakuuliza sababu. Kwa miaka ile watu wa Bujumbura walikuwa wamejifunza kutouliza sababu. "Si wewe peke yako, mama," alisema. "Kuna wengi hawapendi tena makelele. Tutanunua filimbi. Kila mwenye ubao atakuwa na yake. Akimaliza anapuliza, wa chini anapuliza kujibu."

Wanawake kadhaa walitikisa vichwa kukubali, na bega la mmoja, aliyekaa mbele ya Dévote, likashuka kama lililotuliwa mzigo. Ikapita hivyo. Dévote alitoka darasani akijua kwamba atampa Odette maji, lakini lile neno lao amenyang'anywa.

*

Aliyemfumbua macho alikuwa Nsimire, mwanamke wa Bukavu aliyekaa Uvira, upande wa Kongo, kabla ya kuvuka mpaka kuja Bujumbura. Alikuja kila siku kununua lengalenga akaziuze sokoni pamoja na ndagala zake, dagaa wa ziwani. Siku ya pili baada ya mkutano alimkuta Dévote akifunga mafungu.

"We mama Elsa, mbona unakaza kamba hivyo? Ni mboga ama ni mwizi?"

Dévote alilegeza kamba. "Nsimire, wewe uliishi karibu na mama Orlane kule Uvira."

"Karibu? Tulipika mu chungu kimoja."

"Nilimufanyia nini?"

Nsimire alitua beseni lake. Alimtazama Dévote usoni, upande huu na upande ule, kama anayekagua samaki. "Kweli hujui?"

"Apana."

"Mi nilifikiri unajua! Kila siku nanunua mboga hapa, roho inaniuliza, huyu mama na hii sura ya upole, aliweza namna gani?"

"Niliweza nini?"

"Ulimutaja," Nsimire akasema, na sauti yake ikashuka. "Ile asubuhi, vijana ba mutaa balikuwa basimama kule barabarani na fimbo. Odette na bwana yake balikuwa bajifungia mu nyumba. Bananyamaza, mutoto bamemuziba kinywa na mukono. Halafu sauti yako inakuja: Odette! Shika! Tena: Odette! Shika! Bale vijana bakageuza vichwa. Odette na bwana yake bakapita nyuma, mu migomba, na nguo za kulala. Bakakimbia mpaka Uvira na neno lako mu masikio."

Dévote alikaa chini, juu ya ukingo. Mafungu ya lengalenga yakamteleza magotini. "Ilikuwa zamu yake," alisema.

"Zamu ya nini?"

"Ya maji. Tulikuwa tunaitana hivyo kila siku. Shika ni shika maji."

Nsimire alilitazama lile tumbo kavu la mfereji, kigingi chekundu katikati yake. "Mi sikujua mambo ya maji," alisema. "Kwetu, mutu akipiga kelele shika, ni mwizi."

"Lakini Odette alijua. Tumeitana miaka."

"Alijua, ndiyo. Lakini mutu akisikia jina lake siku kama ile, anajua nini tena?" Nsimire aliinama, akaokota mafungu moja baada ya jingine, akayapanga kwenye beseni. "Muambie, mama Elsa. Mi siwezi kubeba hilo. Beseni imejaa."

Jovithe alipoelezwa, alitua bakuli la pumba. Kisha akavaa kofia yake. "Niende mimi. Nitamueleza kwa dakika moja."

"Wewe? Utamueleza kwa siku moja," Dévote akasema. "Vua kofia. Sauti ilikuwa yangu."

Alikwenda mwenyewe, mchana, wakati jua linawafungia watu ndani. Njiani alipanga maneno. Alianza na "nisamehe," akaliondoa, kwa kuwa aliyeomba msamaha angeonekana amekiri kwamba alitaja kwa ubaya. Alianza na "ulisikia vibaya," akaliondoa pia, kwa kuwa Odette hakusikia vibaya. Siku zile kutajwa jina kwa sauti kulikuwa sawa na kuonyeshwa kidole, na jina alilitaja kweli. Alifika uani angali anaanza upya. Odette alikuwa akisugua sufuria kwa majivu. Aliinua uso, akangoja.

Dévote alifungua kinywa. Aliona jembe limeegemezwa ukutani.

"Naomba kuazima jembe," alisema.

Odette alimtazama. Wote wawili walijua kwamba kwa Jovithe kulikuwa na majembe. Kisha Odette alinyanyuka, akalichukua jembe, akampa kwa kutanguliza mpini, kama anavyopewa mtu mpendwa asijikate, akarudi kwenye sufuria zake. Dévote alilibeba mpaka nyumbani. Alilaani ulimi wake njia nzima, lakini ule mpini uliotangulizwa kwake aliukumbuka mpaka usiku.

*

Wakachimba. Kwa majuma kadhaa mfereji ulijaa watu kama zamani, tangu Kamenge hadi kwenye mpunga wa akina Mohamadi. Walitoa matairi, makopo, kandambili za upande mmoja, gurudumu la baiskeli ambalo kila mtu alidai ni lake. Baadhi ya siku mlio wa bunduki ulisikika mbali milimani, majembe yakasimama hewani, yakasubiri, yakashuka tena. Arnaud alipita na kamba yake akisifia, na buti zake hazikuwa mpya tena.

Dévote alivuna lengalenga zake zote, akang'oa na mashina. Alichimba kwa jembe la Odette. Kila siku alisogea kuelekea chini, na kila siku alisikia jembe jingine likisogea kuelekea juu, mpaka ukabaki kati yao ukuta wa udongo, unene wake kama godoro, pale vipande vyao viwili vilipokutana. Hakuna aliyeugusa. Arnaud aliuona, akaenda kukagua kwingine.

Asubuhi moja Dévote alipofika, ukuta ulikuwa umepungua. Mtu alikuwa ameukata kutoka upande wa chini, nusu kamili, akaacha nusu nyingine imesimama, imenyooka kama mkate uliokatwa kwa kisu. Kwa mbali, kitenge cha Odette kilikuwa kikiingia uani. Dévote akatemea viganja, akaimaliza nusu yake, akalisafisha jembe kwa majani mpaka likang'aa, na kulirudisha kwa kuliegemeza ukutani palepale alipolikuta.

Siku ya maji watu walijipanga ukingoni kama wanaongoja maarusi. Kila mwenye ubao alikuwa na filimbi yake ya plastiki nyekundu, iliyofungwa kwenye uzi. Jovithe, aliyemwomba Arnaud ya ziada, aliijaribu yake na ya mkewe tangu alfajiri, mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Kisha kelele ikaanza kutoka juu, upande wa Kamenge, si ya filimbi bali ya watoto, na nyuma ya watoto yakaja maji. Yalikuja taratibu, ya rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma mbele yake majani makavu na povu na kandambili moja waliyoisahau. Yalinusa kila jiwe kama mbwa aliyerudi nyumbani. Dévote aliona yakifunika mahali palipokuwa na tuta lake la kwanza, la pili, la mwisho.

Filimbi ya jirani wa juu ikalia. Jovithe akajibu kwa niaba ya mkewe. "Goli!" akasema, watu wakacheka. Dévote alishusha ubao kwenye mfuo, ukaingia na ule mlio wa zamani, maji yakasita, yakajikusanya, yakapanda, yakaingia bustanini. Ardhi ilikuwa na kiu ya miaka tisa. Ilikunywa kwa sauti.

Alisubiri mpaka mwisho wa mistari ukalowa. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Chini, Odette alisimama kando ya ubao wake, uliokuwa bado juu, filimbi shingoni, uso ameuelekeza Kajaga, mgongo kwa Dévote. Orlane alikuwa pembeni yake, msichana mrefu sasa, ameshika mkono wa mama yake. Baada yao walisimama wengine, na mbali kabisa Mohamadi, juu ya kiti cha baiskeli yake, aone vizuri.

"Puliza," Jovithe akanong'ona.

Dévote alitia filimbi kinywani. Ilikuwa na ladha ya plastiki na ya uzi mpya. Alivuta pumzi. Alifikiri kwamba akipuliza, maji yatakwenda, Odette atajibu kwa filimbi, na hivyo ndivyo watakavyoishi, jirani na jirani, wakipigiana filimbi kama polisi wa barabarani, hadi mmoja wao azikwe. Maji yalikuwa yameanza kumwagika ukingoni, yakilowesha vidole vya miguu yake, kama siku ile.

Alitoa filimbi kinywani.

"Odette," alisema.

Haikuwa sauti ya kufika popote. Lakini mgongo wa Odette ulikakamaa, na minong'ono ya ukingoni ikakatika. Jovithe alinyoosha mkono kutaka kumgusa bega, akaurudisha.

"Odette!" Safari hii jina lilikwenda. "Shika maji!"

Hakuna aliyewahi kuliongeza hilo neno "maji" kwenye mfereji ule. Halikuhitajika. Kila mtu alijua kinachoshikwa. Odette aligeuka polepole. Mkono wake ulikuwa bado umebana wa Orlane, na macho yake yalimtafuta Dévote kama anayemtafuta mtu gizani, ingawa jua lilikuwa limewaka.

"Sema tena," Odette akasema. "Sikusikia vizuri."

Dévote aliweka mikono yote miwili juu ya ubao, hakuunyanyua. Maji yalimpita vidoleni. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa Mohamadi, sauti ambayo Jovithe hakuwa ameisikia tangu mwaka ule:

"Nimesema shika maji, Odette! Na siku ile nilisema maji. Sikuwa namuita mutu akushike. Nilikuwa nakuita wewe, ushike maji yako, sababu ilikuwa zamu yako, na sababu nilikuwa naogopa, na nilitaka kusikia kama uko!"

Odette aliuachia mkono wa Orlane, akashusha ubao wake kwa kishindo, akajibu, "Nimeshika!"